Shoti ya elfu tisini

Najua nimeadimika kama maji ya bomba kwenye ghorofa ya nne. Wiki tatu nzima kimya. Wengine mmenisimamisha pale kafteria mkiuliza kama nimepigwa sapu au nimepata mchumba. Hapana jamani, teh teh teh. Sapu sina, na mchumba naye bado yuko njiani, foleni ya Ubungo mnaijua wenyewe.

Nilikuwa najiandaa na usaili wa kazi ya benki.

Wanaonifahamu watacheka, maana mimi ni mtu wa sosholojia. Hesabu niliiaga kidato cha nne na tuliagana vibaya. Lakini mwaka wa tatu ni mwaka wa tatu. Bumu linakaribia kukata, mitihani ya mwisho inabisha hodi, na nyumbani wameanza kuuliza lile swali, "Sasa mwanetu, ukimaliza?" Tangazo lilisema wanataka makeshia na watu wa huduma kwa wateja, shahada yoyote. Nikaituma CV nikasahau. Siku ya siku simu ikalia, sauti ya dada mpole: njoo Jumatano, saa tatu asubuhi, Posta, na vyeti halisi.

Nikaruka. Kisha nikakaa chini kitandani maana miguu iliisha nguvu.

Leo nataka niwasimulie nilivyojiandaa, maana najua wengi wenu mtapitia mlango huohuo. Ila nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya maandalizi yangu haikuwa kwenye desa lolote. Ilikuwa Msamvu, Morogoro, kwenye kibanda cha mama mdogo, na ilikuwa imenisubiri miaka miwili.

Nianze na yale ya kawaida kwanza.

Mwenzangu wa chumbani anasoma uchumi. Hapa nitamwita Mchumi, maana jina lake akiliona humu nitahama chumba. Mchumi aliniambia benki zina pande nyingi. Kuna upande unaohangaika na makampuni makubwa na serikali, na kuna upande wa watu wa kawaida: mwalimu anayepokea mshahara, mama wa duka la vitenge, mstaafu anayefuata pensheni, na sisi wa bumu. Huko kwa watu wa kawaida ndiko naenda. "Kwa hiyo," akasema, "watakupima mambo matatu. Unajua benki ni nini, unajua kuongea na mtu, na unaweza kuachwa peke yako na hela."

Tukaanza na la kwanza. Nilikariri kama mtu wa UE. Akaunti ya akiba, akaunti ya hundi, amana ya muda maalumu. Nikakariri na historia, maana nilisikia kuna mabosi wanaipenda: tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki binafsi zikataifishwa, ikazaliwa NBC. Mwaka 1991 sheria ikafungua tena mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ya zamani ikagawanywa, na humo ndimo ilimotoka NMB. Ya karibuni pia nikayaweka kichwani: Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera ya fedha kwa kutumia riba yake, ikaanzia asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75.

Mchumi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hongera, wewe ni redio. Sasa niambie, mama yako akija dirishani anataka mkopo wa milioni moja na laki mbili, utamwelezaje riba?"

Nikakwama. Asilimia kumi na nane ni asilimia kumi na nane, si ndiyo?

Siyo. Hili ndilo somo la hesabu lililonifungua macho, na ninawapa bure. Chukua mkopo wa sh. 1,200,000, mwaka mmoja, riba asilimia 18. Kama riba inapigwa kwenye deni lote la mwanzo bila kujali umeshalipa kiasi gani, utalipa riba ya sh. 216,000. Kama riba inapigwa kwenye salio linalobaki, na kila mwezi unapunguza deni kwa laki moja, riba yote inakuwa sh. 117,000. Asilimia ni ileile, karatasi zinafanana, tofauti karibu laki moja! Mama zetu wa VICOBA wanasaini tu hapo pa kusaini. Mchumi akasema keshia mzuri ni yule atakayemweleza mama huyo kabla hajasaini, kwa Kiswahili cha sokoni, bila kumfanya ajione mjinga.

Kuna swali lingine ambalo nilijiandaa nalo kwa sababu bibi yangu aliwahi kuniuliza na sikuwa na jibu: benki ikifa, hela yangu inaenda wapi? Si swali la kijinga hata kidogo. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa mpigo kwa sababu mitaji yao haikutosha. Jibu ni kwamba kuna Bodi ya Bima ya Amana, na mwenye akaunti analipwa fidia mpaka kikomo fulani. Wakati ule kikomo kilikuwa sh. 1,500,000, baadaye kikapandishwa hadi sh. 7,500,000. Bibi yangu hana hata robo ya hiyo, lakini nilipompigia kumweleza alisema, "Eeh, sasa nimelala." Kumbe kwa miaka yote hiyo alikuwa hajalala, jamani.

La pili, kuongea na mtu, lilikuwa na shida yake: ung'eng'e. Usaili unaanza kwa Kiingereza, unarukia Kiswahili, unarudi. Tukafanya mazoezi usiku taa zikiwa zimezimwa, eti ili nisione aibu. Jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta: "Nyie, usaili wenu uhamishieni maktaba!" Mchumi akanifundisha njia ya kujibu maswali ya "tupe mfano wa siku ambayo ulifanya kitu fulani". Unaeleza hali ilikuwaje, kazi yako ilikuwa ipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yakawa nini. Vitu vinne, dakika mbili, unanyamaza. Mimi wa sosholojia kunyamaza baada ya dakika mbili ni mtihani tosha.

Kuhesabu nako nilijifunza. Nilikata makaratasi ya desa la mwaka wa kwanza kwa ukubwa wa noti, nikafunga mabunda ya mia mia. Ukishika mia moja za mwekundu wa Msimbazi umeshika milioni. Mimi nilishika milioni kumi za nadharia za Durkheim, nikazihesabu mpaka vidole vikaota sugu. Wageni wakiingia chumbani wanakuta mtu kakaa kitandani anahesabu takataka. Si mchezo.

Sasa la tatu. Kuachwa peke yako na hela.

Kuna kaka mmoja tuliyesoma naye sekondari, sasa ana mwaka wa pili ni keshia. Tulikutana naye Mwenge Jumamosi jioni kwenye chipsi, akanieleza siku yake ilivyo. Asubuhi anakabidhiwa pesa, anazihesabu mbele ya aliyempa, wanasaini wote wawili. Droo yake ni yake, nywila yake ni yake, hampi mtu hata akiwa rafiki wa damu. Akinyanyuka kwenda msalani, anafunga droo na kompyuta. Chumba cha hazina hakifunguliwi na mtu mmoja, lazima wawe wawili, kila mmoja na chake. Jioni anahesabu, analinganisha na kompyuta. Ikipungua anasema hapohapo kabla ya kuvuka mlango. Ikizidi anasema pia.

"Hata ikizidi?" nikamuuliza.

"Ziada siyo sadaka, dada. Ni hela ya mtu aliyeondoka nayo pungufu."

Nikamuuliza kama amewahi kupata shoti. Akacheka. "Nani hajapata? Mwezi wa kwanza nilipata ya elfu ishirini, nililia chooni. Lakini niliisema. Tukaangalia karatasi za siku nzima, ikaonekana nilipoikosea. Shoti haifukuzishi mtu kirahisi. Kinachofukuzisha ni kuificha."

Chipsi zilinikwama kooni. Nikamwambia pilipili imezidi.

Jumapili jioni Mchumi akanikalisha kwa usaili wa majaribio, kavaa miwani yake ya kusomea, kanuna kama mkurugenzi. Swali la kwanza poa, la pili poa. La tano akauliza, "Umewahi kushika hela za watu?"

"Ndiyo. Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza, kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu cha mama yangu mdogo, Morogoro."

"Safi sana. Uliwahi kupata shoti? Ulifanya nini?"

Nikajibu bila kupepesa: "Hapana. Nilikuwa mwangalifu sana."

Mchumi akaandika, akasema, "Jibu zuri, ila ongeza mfano." Tukaendelea. Nikapata alama nane kwa kumi.

Wadau, usiku ule sikulala. Haya niliyoyaandika hapa chini hakuna aliyekuwa anayajua isipokuwa mimi, na kama mtakavyoona, mtu mwingine mmoja.

Kibanda cha mama mdogo kiko jirani na stendi ya Msamvu. Pale ni njia panda, mabasi ya Dodoma, Iringa na Dar yanapishana, na jioni watu wanajazana kama wanagawiwa bure. Tulikuwa tunakaa wawili: mimi asubuhi mpaka saa kumi na moja, na kijana mmoja wa jirani, tulikuwa tunamwita Dogo, kuanzia hapo mpaka usiku. Simu ya kazi ilikuwa moja, namba ya siri moja, sanduku la pesa moja. Tulikuwa tunaachiana kwa mdomo: "Floti hii, keshi hii, haya kazi njema."

Siku hiyo saa kumi na nusu basi limesimama, watu kumi dirishani, mmoja akasema weka elfu kumi. Nikaweka. Akapokea meseji, akaangalia, akaniangalia, akaondoka haraka. Mimi nikafikiri anawahi basi. Nilipokuja kuangalia kumbukumbu robo saa baadaye nikaona sifuri moja imezidi. Niliweka laki moja. Yeye alinipa elfu kumi.

Elfu tisini.

Nikampigia, simu imezimwa. Hapo nilikuwa na njia: kumpigia mama mdogo palepale, na kupiga huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe kabla hela haijatolewa. Sikupiga popote. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa dada yake anayesifiwa ukoo mzima, nitasema nimeshindwa kuandika elfu kumi? Saa kumi na moja Dogo akaja. Nikamwambia, "Floti iko sawa, keshi iko sawa, haya kazi njema." Akaniamini, hakuhesabu. Nikaondoka.

Usiku mama mdogo akafunga hesabu, ikapungua elfu tisini, na aliyekuwa amekaa kibandani ni Dogo.

Sikusema neno. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake Dogo aliitwa, akahojiwa, akasema hajui. Nilikuwa nimekaa palepale namenya machungwa. Mama mdogo akampa uamuzi: mshahara wake ulikuwa laki moja kwa mwezi, atakatwa elfu thelathini, miezi mitatu. Dogo akaniangalia mara moja tu, kisha akasema, "Sawa mama." Baada ya wiki mbili mimi nikarudi chuo. Akamaliza miezi yake mitatu, akaacha kazi, akaenda kuendesha bodaboda ya mtu.

Sasa mnaelewa kwa nini maneno ya yule kaka wa Mwenge yalinichoma. Taratibu zote zile nilizokuwa nazikariri kama mistari ya mtihani, droo yako peke yako, nywila yako peke yako, kuhesabu mbele ya mwenzako na kusaini, nilikuwa nadhani ni za kulinda benki dhidi ya wezi. Kumbe zinamlinda Dogo. Kama pale Msamvu kila mtu angekuwa na namba yake ya siri, kosa lingesomeka lina jina langu. Kama angehesabu kabla ya kupokea, angenikamata na uongo wangu mdomoni. Panapokosekana taratibu, hela ikipungua, anayelipa ni asiye na mtetezi. Mimi nilikuwa na shahada njiani na mama mdogo wa damu. Yeye alikuwa na mshahara wa laki moja.

Na hapa nilikuwa najiandaa kwenda kuwaambia watu wa benki kwamba mimi ni mwaminifu, nina mfano wa dakika mbili.

Jumatatu saa mbili usiku nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikapiga.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Usaili lini? Nimefunga kwa ajili yako."

Jamani. Alikuwa amefunga! Nikataka kukata simu nisingizie mtandao. Nikasema tu, harakaharaka, kama mtu anayebandua plasta: ile elfu tisini nilikosea mimi, nilijua siku ileile, nikanyamaza.

Kimya. Nilisikia taarifa ya habari kwenye redio yake upande wa pili. Nikafikiri hela imeisha kwenye simu. Kisha akasema, taratibu sana:

"Hela nilishaisahau mimi. Lakini yule mtoto nilimwita mwizi. Nilimwita mwizi mbele ya mama yake."

Hilo sikuwa nalijua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Nikaanza kulia, akaniambia nisimlilie masikioni. Akasema, "Hela utamtumia wewe, kesho, yote, na ya kutolea. Lile neno nililosema mimi, nitakwenda kulirudisha mwenyewe." Akakata. Hakuniambia kila la heri, na sikutegemea.

Kilichobaki kwenye bumu langu kilikuwa laki moja na elfu kumi, na humo nilikuwa nimepanga kununua viatu vya usaili pale Mwenge. Nikatuma elfu tisini na ya kutolea. Nikamwandikia na meseji ndefu, nikaifuta, nikaandika fupi: ni mimi niliyekosea siku ile, nisamehe, hii ni hela yako.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

"Nimeiona dada. Nilijua siku ileile ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaandika, "Ningesema, nani angeniamini."

Hakuweka alama ya kuuliza. Nimeisoma meseji ile mara nyingi kuliko desa lolote.

Haya, Jumatano. Nilivaa suti ya dada wa chumba namba kumi na viatu vya Mchumi, ambavyo vinanizidi namba moja na nusu. Nikavijaza karatasi mbele, zilezile za kuhesabia. Kwa hiyo nilikwenda kwenye usaili nikiwa nimemkanyaga Durkheim, kwi kwi kwi. Nikaamka saa kumi na moja, bajaji mpaka Ubungo, mwendokasi mpaka Posta nimesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja umebeba bahasha ya vyeti juu ya vichwa vya watu. Saa mbili kasoro nilikuwa pale. Chumba cha kusubiri kina watu kama thelathini, kila mtu ananong'ona majibu kama anasali rozari.

Ndani walikuwa watatu, mama mmoja katikati na wanaume wawili pembeni. Walianza kwa Kiingereza, nikajieleza, nikavuka. Wakaniuliza mtu wa sosholojia anatafuta nini benki. Nikawaambia nimesoma miaka mitatu kwa nini watu wanaamini na kwa nini wanaacha kuamini, na mtu anayeleta hela yake dirishani anaamini. Yule mama akatikisa kichwa kidogo, sijui ndiyo sijui hapana.

Kisha akahamia Kiswahili: "Mzee amekuja, anataka kutoa milioni tatu, mgonjwa wake yuko hospitali, kitambulisho amesahau nyumbani, analia. Unafanyaje?"

Nikajibu kwamba simpi, lakini simwachi pia. Namtoa kwenye foleni, namkalisha, nampa maji. Naangalia picha na saini yake kwenye mfumo, namwita msimamizi wangu aamue yeye kama ipo njia inayoruhusiwa. Kama haipo, namweleza mzee kwa sauti ya chini kitu gani hasa alete, na nani aonane naye akirudi ili asianze foleni upya. "Kwa nini usimpe tu, kama picha inafanana?" akauliza mmoja wa pembeni. Nikasema, kwa sababu kesho atakuja mwingine analia hivyohivyo, na hela itakuwa ya mzee huyu.

Swali la riba nililipata. La benki kufa halikuja, bibi nisamehe.

Mwisho wakanipa bunda la karatasi za mazoezi, zimekatwa kama noti, karatasi ya juu imeandikwa 100. Hesabu. Nikahesabu: tisini na tisa. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikarudia: tisini na nane. Nikarudia tena: tisini na tisa. Kichwani mwangu nikaisikia ile sauti ya Msamvu, iko sawa, haya kazi njema. Ilikuwa rahisi sana kusema mia moja. Imeandikwa mia moja, nani atabisha?

Nikasema, "Mimi nimepata tisini na tisa mara mbili na tisini na nane mara moja. Sina uhakika. Naomba mtu mwingine ahesabu, au mashine, kabla sijasaini."

Yule mama akaandika kitu. Hakuniambia zilikuwa ngapi. Mpaka leo sijui.

Akauliza kama nina swali. Na lile swali, wadau, lile nililokuwa nimeliandaa kwa machozi na elfu tisini, umewahi kupata shoti, ulifanya nini, hawakuliuliza kabisa. Nilikuwa na hali, kazi, hatua na matokeo, dakika mbili kamili, nimeyabeba toka Mlimani hadi Posta, nikarudi nayo kwenye mwendokasi vilevile. Mwanzoni nilikasirika. Tulipofika Magomeni nilikuwa nacheka mwenyewe mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Ndiyo hivyo. Simu haijalia. Walisema ndani ya wiki mbili, leo ni siku ya tano, na kila namba ngeni ikipiga moyo unaruka halafu ni mtu wa kuuza viwanja Kigamboni. Nikikosa nitatuma kwingine. Wengi tuliokuwa kwenye chumba kile tutakosa, hesabu yake haihitaji kompyuta.

Wale mtakaoitwa, jifunzeni tofauti ya zile riba mbili, ungeni vizuri Kiingereza chenu na Kiswahili chenu, hesabuni makaratasi, fikeni mapema. Hayo yanasaidia kweli. Na ninyi mnaotunza michango ya darasa, hela za safari ya mafunzo, hela za msiba, au mliokaa kwenye vibanda vya wajomba likizo, kama kuna mahali hesabu ilipungua mkanyamaza, pigeni simu leo. Msisubiri usaili.

Mama mdogo alinipigia jana. Alikwenda kwa mama yake Dogo Jumapili baada ya kanisa, na kilo mbili za sukari. Akakaa, akasema alichokwenda kusema. Nikamuuliza walimjibu nini. Akasema, "Walipika chai." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nawaacha, nina semina saa nane na sijasoma kitu. Viatu vya Mchumi nimerudisha, karatasi nimezitoa. Yeye bado hajui kwa nini nilikwenda kwenye usaili na viatu vyake wakati nilikuwa na hela ya kununua vyangu. Akisoma hapa atajua.